Paa la Nyumba Mbili

Karatasi iliyomfunga mama yangu niliipiga chapa mimi mwenyewe, kwa mashine ya mahakama, saa ya mapumziko, huku nikitafuna karanga. Nilikuwa karani mahakamani hapa Kisangani, na kila siku niliandika mashtaka ya watu waliotia sahihi haraka. Mpaka leo nikiikumbuka karatasi ile, vidole vinapoa.

Niwaeleze polepole, maana jambo lenyewe si gumu. Baba alikuwa fundi wa meli, na tulikaa katika nyumba ya kampuni karibu na bandari. Alipofariki, kampuni ilimwachia mama nyumba ile hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo angeingia fundi mwingine. Mama akampa kila alichokuwa nacho mjenzi mmoja, mtu wa kwetu Maniema, aliyekuwa akijenga nyumba za kuuza huko mtaa wa Kabondo. Mkataba ulikuwa mzuri, niliusoma mara mbili. Ulisema kwamba paa lisipokuwa juu kabla ya mwezi wa kumi kwisha, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa chake chote. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya mama. Lakini mnunuzi akishatia sahihi kwamba ameliona paa na amelikubali, kinga hiyo inakwisha.

Simenti ilichelewa, mabati nayo yakachelewa, kwa kuwa vyote vilipanda mto kutoka Kinshasa. Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi wa kumi umalizike, mjenzi akatuita. Tukakuta paa linang'aa. Bati moja juu ya mlango lilikuwa na doa la rangi nyekundu, umbo lake kama mwiko.

"Mama, unaona? Nilikuambia, mutu wa kwetu hawezi kukuacha inje."

"Na hii doa?"

"Ah, mama. Ni rangi ya bateau, ile meli iliyoleta mabati. Mvua itaiosha."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Nikamtolea karatasi ya kulikubali paa niliyokuwa nimeiandaa, naye akatia sahihi akiwa ameiweka juu ya goti.

Wiki iliyofuata alirudi kule na kamba ya kupimia madirisha, apate kushona mapazia. Kabla ya saa sita alikuwa mbele ya meza yangu.

"Paa haiko," akasema.

"Haiko namna gani?"

"Niliingia ndani, nikaona mbingu."

Nilidhani huzuni imemchanganya. Tukaenda pamoja. Kuta zilikuwepo, mbao za paa zilikuwepo, juu yake hakuna kitu. Fundi aliyekuwa akikoroga udongo hakutaka kututazama usoni. Tukatembea tu bila kujua twende wapi, na katika barabara ya pili tukaona nyumba yenye ukubwa kama wa yetu, na juu ya mlango wake doa jekundu, umbo lake kama mwiko. Mbele ya mlango alisimama muuguzi wa hospitali, mwanamke wa makamo, mnunuzi wa mjenzi yuleyule, kalamu bado mkononi.

Mama akamwonyesha doa, akamweleza. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulisaini?"

"Nilisaini."

"Na mimi. Sasa hivi, maana siku yangu ya mwisho ni leo."

Akakaa juu ya tofali, akaiangalia ile kalamu kana kwamba ndiyo iliyomwuma.

Mkubwa wangu wa ofisi aliisoma karatasi ya mama.

"Nani alipiga hii?"

"Mimi, papa."

"Umepiga vizuri. Hakuna kosa hata moja."

Halafu, alipoona machozi yangu, akanieleza jambo ambalo nami nawaeleza ninyi. Sahihi iliyopatikana kwa hila, hakimu anaweza kuifuta. Kwa hiyo msione haya kwenda mahakamani eti kwa sababu mlishatia sahihi. Ila sheria haidhani tu kwamba kuna hila. Aliyedanganywa ndiye anayepaswa kuithibitisha. Basi tukamwomba hakimu aje aone kwa macho yake nyumba isiyo na paa.

Siku ya kuja kwake, nyumba ilikuwa na paa.

Doa jekundu lilikuwa mahali pake. Mjenzi alisimama mlangoni katika abakosti mpya, ile suti isiyo na tai, akitabasamu. Enzi zile kila mtu aliitwa citoyen, raia, hata hakimu.

"Citoyen juge, unaona mwenyewe. Huyu mama amefiwa, kichwa yake inachoka. Mimi simulaumu."

Hakimu angegeuka wakati ule, mama angekuwa mwongo mbele ya mji mzima, na mwisho wa mwaka angekuwa barabarani. Hakugeuka. Aliingia ndani, tukamfuata. Ilikuwa karibu saa sita, jua la utosi. Juu ya sakafu ya udongo kulikuwa na vidoa vya mwanga, vimejipanga mistari, kimoja kimetua juu ya kiatu chake. Alikitazama, kisha akatazama juu.

"Citoyen, musumari unapigwa wapi?"

"Kwenye mbao, citoyen juge."

"Na pale, katikati ya mbao na mbao, ulikuwa unapigilia nini?"

Hakimu akaomba kamba. Mama akampa ile ya mapazia. Alipima toka mstari mmoja wa matundu hadi wa pili, akafunga fundo, kisha tukaenda sote kwenye nyumba ya muuguzi, ambayo sasa ndiyo ilikuwa wazi. Fundo lilifika ubao kwa ubao, sawasawa: mabati yetu yalikuwa yamepigiliwa pale.

Sahihi zote mbili zilifutwa. Hakimu aliwaruhusu wanunuzi wamalizie nyumba wenyewe kwa gharama ya mjenzi, na akaamuru mabati yasitoke tena pale yalipo. Yalikuwa juu ya nyumba yetu, kwa kuwa tu yetu ndiyo iliyotangulia kukaguliwa. Mimi nilifurahi. Mama aligeukageuka njia nzima kuitazama nyumba ya muuguzi.

Siku aliyohamia hakufungua hata mzigo mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi.

"Mabati yako iko juu ya kichwa yangu," akamwambia. "Kuja tukae chini yake, mpaka ya kwako ifike."

Muuguzi alimtazama. "Na yale matundu?"

"Leta sufuria zako."