Kifungo cha Dhahabu

Harufu ya pasi juu ya kitambaa chenye unyevu bado hunitia hasira. Kocha wetu wa soka pale mtaani La Rochelle alikuwa fundi cherehani, na mashambulizi yetu aliyapanga kwa vifungo juu ya meza yake ya kukatia. Sisi kumi tulikuwa vifungo vyeusi vya shati. Mwanawe, aliyekimbia kama amebeba ndoo ya maji kichwani, alikuwa kifungo cha dhahabu cha koti.

"Mipira yote mumupatie huyu," alisema, akikisukuma kile cha dhahabu mbele.

"Eish, papa, lakini pembeni mimi nawapita wote," nikamwambia.

"Kifungo kinabishana na fundi?" Akacheka peke yake, mjinga yule.

Tulifungwa sita bila.

Jumamosi iliyofuata cha dhahabu hakikuonekana. Mtu mzima akatambaa chini ya meza akipapasa vumbi na nyuzi. Nikamwambia achukue kingine.

"Kingine hakiwezi kuwa mutoto yangu."

Saa ya mechi ikapita bado anapapasa. Nilipotoka, mwanawe alinifuata mlangoni, akanitia kitu kiganjani. Kilikuwa cha dhahabu, na bado kilikuwa na joto la mfuko wake.