Hindi Lenye Pengo

Mimi nalipwa kushuku watu. Kwenye barua ya kazi wameandika karani wa mizani, lakini kazi yenyewe ni hiyo. Nakaa kwenye kibanda cha vioo kando ya lango la kinu cha unga hapa Eldoret, lori la mahindi linapanda juu ya mizani, nami nasoma uzito. Anayedhani ni kazi ya kusoma tu hajakutana na madereva. Wako wanaoficha mataniboi, wale vijana wa kupakia na kupakua, chini ya turubai ili wapimwe pamoja na mahindi. Wako wanaopanga magunia makavu juu na yaliyonyeshewa chini. Dereva akiniuliza habari ya watoto kabla hajazima injini, mimi huchukua chuma cha kuchomea magunia na kuchota punje za ndani, nikatoka nje.

Kati ya lori na lori nafuma vitambaa vya viti. Uzi unakaa kwenye droo, sindano ya krosheti mkononi, mkono chini ya kaunta, macho langoni. Meneja anajua na hajui. Huku kwetu kochi lisilo na kitambaa ni kama limevuliwa nguo. Mgeni wa maana akija, awe mchungaji au wakwe wanaokuja kuongea mambo ya mahari, lazima akute vitambaa vimefuliwa, vimetiwa wanga, vimenyooka kwenye mgongo wa kila kiti. Watu watasahau kama chai yako ilikuwa na maziwa, lakini kitambaa kilichotoboka watakiongelea mpaka uzeeni.

Basi soko liko, shida ni kwamba wafumaji nao ni wengi kuliko viti, na wote wanafuma ua lile lile, waridi na majani manne. Mimi nilichoka na waridi. Mchana kutwa ninachoona ni mahindi, kwa hivyo nikajaribu kufuma hindi. Punje zinavimba juu ya uzi, ukizipapasa unazihisi moja moja, na maganda mawili ya kijani yamefunguka pembeni. Lilinisumbua. Nilifuma nikafumua, nikafuma tena nikafumua tena. Lilipokubali nilijua nimepata kitu. Sikumfundisha mtu yeyote. Hata dada yangu aliyenifundisha kushika sindano sikumwonyesha, maana dada yangu nampenda lakini mdomo wake hauna komeo.

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha hindi langu alikuwa mama mmoja mwenye duka la makochi mjini, upande wa kuelekea mtaa wa West Indies. Karakana iko nyuma, duka liko mbele, na yeye yuko katikati anagombana na mafundi. Alikipapasa kitambaa, akakigeuza, akaangalia mafundo ya nyuma, na hapo nikajua anajua kazi.

"Hii sijaiona mahali," akasema. "Nitaweka yako kwa kila kochi inatoka hapa. Nenda utengeneze seti za kutosha, ukiwa tayari tuanze. Lakini sikia. Nikiiona kwa soko kabla hatujaanza, tumemalizana. Siwezi kuuzia mtu kochi ya maana na kitambaa ya kila mtu."

Nilitoka pale na furaha. Vumbi la mahindi lilikuwa limenikaa kifuani, nakohoa asubuhi hadi machozi, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba dawa yake ni kutoka pale kwenye mizani. Alisema hivyo kwa wepisi, kana kwamba kazi zinaanguliwa. Sasa nilikuwa na njia ya kutoka, na njia yenyewe ilikuwa hindi moja la uzi ambalo hakuna mwingine aliyejua kulifuma. Hilo tu. Likiibwa, nabaki na vumbi langu.

Na aliyekuwa karibu nalo kuliko wote ni mwenzangu wa ofisi. Yeye ndiye keshia, anakaa nami kwenye kibanda kile kile. Ametoka upande wa ziwa, mimi nimetoka Magharibi, na saa ya lanchi tulikuwa tunaunganisha, yeye omena, vile visamaki vya kwao, mimi mrenda, mboga ya kwetu. Ni mtu wa kicheko, mtu wa "dada yangu" kwa kila sentensi. Miaka yote sikuwa na shida na kicheko chake. Lakini tangu siku ile ya duka la makochi nilianza kukisikia vingine. Mtu anacheka hivi kila siku, anacheka nini?

Kisha akaanza maswali.

"Dada yangu, hapo kwa punje unazungusha uzi mara ngapi?"

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea uzi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitoka kwenda kuchoma magunia naacha kitambaa kimekunjwa, ncha ikiangalia dirisha. Nikirudi nakuta ncha inaangalia mlango. Nilijaribu tena kesho yake, mambo yakawa yale yale. Kwenye mizani nimejifunza kwamba mwizi ukimwuliza mapema atakupa sababu nzuri, ngoja mpaka lori lipande juu.

Wakati huo alihamia nyumba mpya huko mtaa wa Pioneer, akanunua makochi. Wanawake wa kanisa lao wana maombi ya nyumba kwa nyumba kila Alhamisi jioni, na zamu yake ilikuwa inakaribia. Na kwa vile sebule yake ilikuwa kubwa, kiongozi wao alikuwa ameshasema watakuwa wanarudi hapo mara kwa mara.

"Dada yangu, unishonee hata seti moja ya mahindi," akaniambia. "Nisiaibike mbele ya kina mama."

Nilitaka kukataa. Halafu nikawaza, la, huu ndio mtego wenyewe. Nikamfumia. Lakini kwenye kila hindi, mstari wa pili kutoka juu, niliacha punje moja. Pengo dogo, kama la mtoto aliyeng'oka jino. Hakuna kitambaa changu kingine kilichokuwa na pengo hilo. Likitokea sokoni, nitajua limetoka kwa nani. Nilipompa alivikumbatia vile vitambaa, akasema sijui hata nikushukuru aje. Nikasema moyoni, kumbatia tu.

Mvua ilianza, ikazidi. Nilikuwa nafuma kila dakika niliyoipata, seti zinaongezeka kwenye sanduku chini ya kitanda, na bado sijaona kitu. Karibu nimwamini yule mwanamke. Siku moja nikaenda sokoni kununua uzi, nikapita kibanda cha vitambaa, na hapo kwenye kamba, kati ya mawaridi, limening'inia hindi.

Nilikishika. Nikapitisha kidole mstari wa pili. Pengo lilikuwepo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, na kumbe nimesema kwa sauti. Mwenye kibanda akaniuliza kama nanunua ama nahubiri.

Sikulala vizuri. Asubuhi sikungoja hata afungue droo ya pesa. Nilimwambia yote: maswali, kitambaa kinachogeuzwa, pengo, kibanda cha sokoni. Nilisema maneno mengine ambayo hayana haja kuandikwa. Alinisikiliza mdomo wazi. Kile kicheko hakikuwepo.

"Mimi hata sindano sijui kushika," akasema. "Unanijua. Kifungo kikitoka mimi hupeleka kwa fundi."

"Na maswali yote yale ya uzi?"

"Nilikuwa naongea na wewe. Siku hizi ukishika huo uzi hausemi na mtu. Sasa niongee na nani, na mizani?"

"Na kitambaa changu unachokigusa nikitoka?"

"Ni kizuri," akasema. "Nilikuwa nakiangalia."

"Basi pengo limefikaje sokoni?"

"Dada yangu, kitambaa ulinipa kiko kwa kiti. Kiti iko sebuleni. Nikialika watu, nifunike viti? Wakae kwa sakafu? Njoo Alhamisi ujionee wanaoingia kwangu."

Kwa mtu mwenye hatia lilikuwa jibu zuri mno, na kwa hivyo sikuliamini. Lakini Alhamisi nilienda.

Sebule ilijaa. Kina mama walikuwa wamejibana kwenye makochi, leso magotini, na vitambaa vyangu vimenyooka nyuma ya vichwa vyao na juu ya mikono ya viti. Kiongozi wao ni mama mmoja mtu mzima, mwili mkubwa, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Waliimba, wakasoma neno, kisha akasema tufumbe macho tuombe. Wote wakafumba. Mimi nikainamisha kichwa, nikayaacha macho wazi. Sikuja kuomba.

Aliombea mvua isiharibu mahindi shambani. Aliombea wagonjwa. Aliombea vijana waliomaliza chuo na hawana kazi. Sauti iko juu mbinguni, lakini mkono wake wa kulia uko kwenye mkono wa kochi, na kidole kinatembea. Kinatembea polepole juu ya punje, moja, nyingine, nyingine. Kilipofika kwenye pengo kikasimama. Hata maombi yakasimama kidogo. "Ee Baba," akasema, "Ee Baba," kidole kikarudi mwanzo wa mstari kikahesabu upya, kikaridhika, na maombi yakaendelea. Nikaangalia upande wa pili. Mwingine, macho yamefumbwa kabisa, machozi yanamtoka, anapima ganda la kijani kwa shibiri. Na mwingine nyuma yake amefika mstari wa tatu.

Nilishikwa na hasira na kicheko kwa pamoja, nikakohoa ili visitoke vyote. Mwenzangu alifungua jicho moja akaniangalia.

Baada ya amina ililetwa chai na mandazi. Nikajisogeza karibu na yule mama kiongozi.

"Mama, nimeona umekipenda kitambaa."

"Sana," akasema bila aibu yoyote. "Hii kitu aliyeitengeneza ana akili. Angalia, ameacha pengo. Mahindi ya kweli haiwezi kukosa pengo. Mimi nimeshafuma kadhaa, watu wananyang'anyana huko soko. Sasa nafundisha hawa wengine, kila mtu apate kitu."

"Na ni nani aliyeitengeneza?"

"Hata sijui. Vitu za hivi ni kama wimbo, nani anauliza mwenyewe?"

Mwenzangu alikuwa amesimama hapo na birika. Uso wake uling'aa, akafungua mdomo aseme ni huyu hapa. Nikamkanyaga mguu. Niliwaza haraka: wakijua ni mimi, wataniuliza na mengine ninayoyafuma, watakuja nyumbani kwangu kuomba, na kwangu pia kuna viti. Nikasema tu chai ni tamu. Mwenzangu aliniangalia kwa huzuni, akaenda kumwagia wengine. Kumshuku nilipunguza, sikuacha.

Kilichobaki kilikuwa kumwahi mama wa makochi kabla soko halijamfikia. Kesho yake saa ya lanchi nilipakia seti zote kwenye mifuko, nikapanda boda, mifuko mapajani, nikaenda mjini. Vitambaa vyangu vilikuwa vizuri, safi, punje zimejaa, hakuna pengo hata moja. Nilijiambia nitamweleza: hivi ndivyo vya kweli, vile vya sokoni vina kasoro, ukitaka kujua cha wizi tafuta pengo.

Alivitandaza juu ya meza ya kioo. Akapapasa, akageuza, akaangalia mafundo ya nyuma. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa kitambaa kimoja, akakiweka kando ya changu. Kilikuwa na pengo.

"Hii nililetewa na mteja," akasema. "Anataka kochi na vitambaa kama hii. Na si yeye peke yake, wanakuja kila siku kuuliza ile ya mahindi ya pengo. Yako imekaribia. Lakini umekosea hapa, unaona? Umejaza."

"Mama, huo mtindo ni wangu. Wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kuonyeshwa."

"Ya mahindi niliona, ndiyo, lakini haikuwa na pengo. Wewe ndiye ulinionyesha. Ulikuwa umeitoa wapi?"

"Sikuitoa mahali. Niliianzisha. Hata hilo pengo ni mimi niliweka, makusudi, ili nimshike mwizi."

Niliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu, nilijua yanasikika vipi.

"Kuna mtu anaweza kusema hivyo?" akauliza. "Mtu uliyemfundisha? Mtu aliyekuona ukianza?"

"Mwenzangu wa ofisi."

"Mwenzako wa ofisi," akarudia, taratibu, akaanza kukunja vitambaa vyangu. "Wiki hii wewe ni wa tatu kuniambia ni yako. Sikatai bidii yako, mkono unao. Nilikuwa nimesema sitaki ya soko, lakini sasa watu wanataka ile yenyewe. Kuna mama mmoja huko Pioneer, kiongozi wa maombi, huyo ndiye anaijua vizuri. Enda akufundishe, ukishaishika urudi. Kazi iko."

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumrushia mifuko yote usoni. Kikohozi kikanipanda, nikakohoa mpaka fundi mmoja akatoka karakana kuangalia ni nani, na mama wa makochi akaniletea maji kwenye kikombe, akasimama karibu nami akinipigapiga mgongo. Alikuwa mtu mzuri, hakukuwa na ubaya wowote pale wa kumshuku.

Nilipopata pumzi nilipanguza mdomo, nikapanga vitambaa vyangu kwenye mifuko, kisha nikamwuliza huyo mama anakaa sehemu gani ya Pioneer. Akanielekeza vizuri sana, mpaka rangi ya lango.