Majani ya Dada Mkubwa

Mtaani walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina hilo alilipata hospitalini, katika chumba cha kufulia, alikonyoosha mashuka kwa miaka thelathini na mmoja mpaka goti la kulia likagoma. Shuka lililopita mikononi mwake lilitoka na kona nne zilizolingana, na ole wake mfanyakazi mgeni aliyelitupa kabatini ovyo. Wenzake walisema ukikaa naye muda mrefu atakukunja na wewe akupange rafuni. Aliusikia utani huo akaufurahia kimoyomoyo. Kumpenda mtu, kwake, kulikuwa kumweka safi na kumnyoosha, na namna nyingine hakuijua vizuri.

Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo dada yake. Dada Mkubwa alimzidi miaka kumi na miwili, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Alikuwa mpokea simu katika ofisi ya maji. Kutwa aliongea na watu waliokatiwa maji, jioni akaongea na majirani, na majirani wakichoka akatoka kibarazani kuongea na maua yake. Yalikuwa maua ya vitunguu, si vile vya kula, mekundu, yenye midomo mipana kama tarumbeta, ameyapanda katika makopo tisa ya rangi chini ya dirisha la chumba chake. Kila mwaka mvua zikikaribia yalichanua yote tisa ndani ya juma moja, na wapita njia walisimama kuyatazama. Mama Pasi hakuruhusiwa hata kuyamwagilia. Dada yake alimwambia aende akanyooshe vitu visivyo na uhai.

Kiharusi kilimkuta Dada Mkubwa bafuni, asubuhi ya siku ya kazi. Kikachukua upande wote wa kulia, na ulimi pia. Mwanamke aliyeweza kumtuliza mtu mwenye bomba kavu kwa siku nne akabaki na sauti moja tu, "ma-ma-ma," na mkono wa kushoto.

Mama Pasi alifunga kibwebwe. Alimwosha, alimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, alimbadilishia mashuka asubuhi na jioni. Nesi wa zamu ya nyumbani, aliyepita kila wiki, alisema hajapata kuona mgonjwa wa kitandani aliye safi namna ile. Kitanda alikisogeza dirishani ili dada ayaone makopo yake, na makopo yenyewe akayachukua chini ya uangalizi wake, kwani nani mwingine angeyachukua?

Basi hapo ndipo alipoharibu. Mwaka ule maua yalipokwisha, majani yalibaki. Yakarefuka, yakalegea, yakainama nje ya makopo kila moja upande wake. Mama Pasi aliyaona kama mashuka yaliyotupwa ovyo. Akaleta mkasi, akayakata yangali mabichi, usawa wa mdomo wa kopo, la kwanza mpaka la tisa, mstari mmoja ulionyooka. Yalipoota tena akayakata tena. Ikawa kazi yake ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na akisharudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake, roho yake ilitulia.

Roho ya Dada Mkubwa haikutulia. Kila Jumamosi hiyo alipiga kitanda kwa kiganja, akatoa ile sauti yake mfululizo, macho yamemtoka, jasho linamtiririka shingoni. Mama Pasi aliamini ni maumivu. Daktari alikuwa ameacha chupa ya dawa ya kumtuliza, kijiko kimoja akihangaika kupita kiasi. Kwa hiyo aliweka mkasi chini, akanawa mikono, akamwinua dada kidevu, akamnywesha. Mara za mwanzo dada alikaza meno, ikabidi abembelezwe. Baada ya robo saa mgonjwa alikuwa amelala fofofo, na Mama Pasi akarudi kibarazani kumalizia makopo yaliyobaki.

Mwaka wa pili yalichanua mawili, madogo. Mwaka wa tatu hakuna hata moja.

Mwaka huohuo Dada Mkubwa aligeukia ukutani. Alishika ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, akajivuta mpaka akalala ubavu, dirisha akalipa kisogo, na mdogo wake akampa kisogo. Akigeuzwa alifumba macho, na akiachwa alijivuta tena. Kitanda hakupiga tena. Ile sauti yake nayo ikakoma. Chakula alikula vijiko vitatu, kisha akabana mdomo. Nesi alimwita Mama Pasi pembeni akamwambia, bila kuzungukazunguka, kwamba mtu akishaamua kuondoka hivyo hafiki mbali, na kwamba kama kuna kitu dada anakipenda hapa duniani, basi akitafute sasa.

Mama Pasi hakuhitaji kukitafuta. Kilikuwa kibarazani, katika makopo tisa yenye vijani vifupi vya rangi ya manjano. Yakichanua, atageuka. Alilishika wazo hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa lingine hakuwa nalo.

Akabeba kopo moja mpaka kwa muuza miche wa barabarani, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na pazia, akamwomba mbolea ya kuchanulisha. Muuza miche hakushika mbolea. Alichomoa kitunguu udongoni, akakibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Ukishapata maua, majani unayafanyaje?" aliuliza.

"Nayakata. Yanakaa vibaya."

"Yakiwa ya kijani?"

"Nayalinganisha na kopo."

Muuza miche alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Akaeleza kwamba ua hula akiba iliyomo ndani ya kitunguu, likisha kuchanua kitunguu kimebaki kitupu, na kinachokijaza upya ni majani hayohayo, miezi na miezi ya jua, mpaka yanyauke yenyewe. "Mama, hukuwa unapamba hapa. Ulikuwa unamnyang'anya mtu sahani kila anapoanza kula," alisema. Kisha, kwa upole ambao haukutarajiwa kwake, akauliza kama aliyeyapanda hakuwahi kumkataza.

Mama Pasi akafungua mdomo ajibu kwamba aliyeyapanda hasemi. Palepale, kati ya miche ya pilipili na ndoo za samadi, alikiona kile kiganja kinachopiga kitanda, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kijiko. Akaketi juu ya gunia la watu bila kuomba ruhusa.

Alipofika nyumbani aliimwaga dawa yote kwenye sinki, akaisuuza chupa, akaitupa. Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, ulikuwa unanikataza," alisema. "Mimi nikakulaza."

Kisogo hakikusogea. Alingoja mpaka chai aliyoiandaa ikaota ngozi. Alitaka atukanwe, na aliyekuwa bingwa wa kutukana katika nyumba ile hakuwa na ulimi.

Kesho yake alianza kazi kama alivyoelekezwa. Alivitoa vitunguu vyote tisa. Viwili vilikuwa vimeoza hadi moyoni, vikanuka, akavitupa. Saba vilivyobaki alivikata sehemu laini mpaka akafika kwenye nyama nyeupe iliyo ngumu, akapaka vidonda unga wa mkaa, akaviacha kivulini siku nne vikauke. Makopo aliyatoboa chini kwa msumari, maana maji yalikuwa yakituama. Akachanganya udongo na mchanga, akavipanda upya, mabega yakiwa nje, akamwagilia kidogo mno, akangoja. Vitatu zaidi vikafa. Vinne vikatoa majani.

Hayo majani yalimtesa kuliko goti. Yalirefuka, yakainama, yakalala sakafuni kibarazani, jingine likaelekea mlangoni kama linataka kuingia. Jirani aliuliza kama Mama Pasi anaumwa, kwa jinsi kibaraza kilivyo shaghalabaghala. Vidole vilimwasha. Jumamosi za mwisho wa mwezi alijifungia jikoni akanyoosha vitambaa vilivyokwisha kunyooshwa. Kila asubuhi alimweleza dada habari za majani yale, urefu wake na idadi yake, yeye asiyejua kuongea, akiongea na kisogo mpaka aibu ikamwisha. Baadhi ya siku kisogo kilikula vijiko vitano. Siku nyingine hakikula kitu. Alihesabu mbavu za dada yake kila alipomwosha, na kila mwezi zilihesabika kwa urahisi zaidi.

Kiangazi majani yalikauka yenyewe. Akaacha kumwagilia, vitunguu vikalala. Mawingu yaliporudi akatia kikombe cha maji kila kopo, na wiki ya tatu, katika kopo moja tu kati ya manne, badala ya jani ikajitokeza ncha nene, ya duara, kama kidole. Mama Pasi alipiga magoti juu ya goti bovu na akalia bila kujificha. Aliingia ndani kumwambia dada. Alimwambia mara tatu.

Ua lilipofunguka alilileta chumbani na kopo lake. Aliliweka kitini karibu na dirisha, akangoja. Dada Mkubwa hakugeuka. Kwa hiyo alikivuta kitanda mwenyewe, akihema, mpaka pakapatikana nafasi upande wa ukuta, akaliweka ua pale, mbele ya uso kabisa. Dada alilitazama kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha akafumba macho.

Siku sita ua lilikaa pale likiwaka jekundu katika chumba kile, na siku sita macho yalifumbwa. Mama Pasi alijiambia kwamba ndivyo ilivyo, amechelewa, basi. Hakumlaumu mtu. Karibu mwaka mzima alikuwa akimlisha mtu tumaini lililokuwa lake mwenyewe.

Siku ya saba ua lilinyauka. Muuza miche alikuwa amemwonya kwamba shina la ua likishamaliza kazi likatwe, lisimalize nguvu za kitunguu bure, ila majani yasiguswe. Pembeni mwa shina yalikuwa yameshaota mawili, membamba, ya kijani kibichi. Mama Pasi akarudisha kopo kitini karibu na dirisha, akachukua mkasi, akaufungua kukata shina.

Nyuma yake kitanda kililia.

Aligeuka akamkuta Dada Mkubwa amegeuka. Amegeuka mwili mzima, kwa mkono mmoja, na wembamba wake wote, uso umeelekea dirishani na macho yako wazi, yametua kwenye yale majani mawili. Kiganja kilipiga godoro. Kikapiga tena. "Ma-ma-ma," alisema, kwa sauti iliyokauka kwa kukaa bila kutumika.

Furaha ilimjaa Mama Pasi mpaka akasahau mkasi uko mkononi. "Siyakati, dada," alisema, akimkaribia. "Nakata shina tu. Majani siyagusi, niko radhi nife."

Lakini Dada Mkubwa alikuwa anauona mkasi, na anamwona mdogo wake anakuja. Kiganja kikaacha kupiga. Pale alipokuwa, bila kuambiwa na bila kushikwa, alifumba macho, akainua kidevu, akafungua mdomo kusubiri kijiko.

"Hapana, dada," Mama Pasi alisema. "Hapana. Leo niambie."

Mdomo ulibaki wazi.