Nguo za Macho ya Watu

Kuna siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nainamisha macho, hata nikiwa peke yangu nyumbani. Ni siku tuliyomzika baba yangu mdogo, Tata Kasongo, hapa Kolwezi.

Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Alikuwa fundi wa garimoshi la mgodi, na tuliishi mtaa wa Dilala katika nyumba ya kampuni. Hakuwa na nguo nyingi: mashati ya kaki yenye mifuko miwili, suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, kostimu moja ya kijivu, suti yake ya kanisani. Lakini akitokea kwa mbali, kabla hujauona uso, ungesema: yule ni Tata Kasongo.

Mimi nilikuwa kijana mwenye kazi ya ukarani, na mshahara wangu uliishia kwenye nguo. Robota la mitumba likifunguliwa, mimi wa kwanza. Mchuuzi akirudi kutoka mpakani Dilolo na mzigo wa Angola, mimi huyo. Sikununua kwa kuhitaji. Nilinunua kwa kuona. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwangu hata kibaya hakikupata taabu ya kutembea, nilikifuata mwenyewe.

Asubuhi ya maziko nilikosa nguo ya kuvaa. Usicheke. Kitanda hakikuonekana kwa nguo, lakini zote zilikuwa za kung'aa, za ngoma na sherehe. Nikavaa kostimu nyeupe na viatu vyeupe. Nilipoingia uani, Mama Ngoie, mjane wa marehemu, aliinua uso pale mkekani akaniuliza taratibu, "Mutoto wangu, unatoka ku feti?"

Hakunisimanga. Alidhani kweli natoka kwenye sherehe.

Makaburini mvua ilikuwa imegeuza udongo mwekundu kuwa tope. Tata Mwamba, mzee aliyesimamia maziko, akaniita: "Weye mutoto wake, kuya hapa mbele, ukamate sanduku."

Mwanangu, kabla ya kulitazama sanduku la mtu aliyenilea, nilitazama viatu vyangu. Ilikuwa ni kupepesa jicho tu, lakini watu waliona. Tata Mwamba akamshika mkono jirani yetu, mtu asiye na undugu nasi, akamweka mahali pangu. Mimi nikafuata nyuma, nikikanyaga penye majani, viatu vikiwa safi.

Juma lililofuata Mama Ngoie alikuja chumbani kwangu. Nilingoja anigombeze. Yeye akaketi kitandani, akainua shati moja la maua.

"Hii ulinunua juu ya nini?"

"Niliona rafiki yangu ameivaa, mama."

Akainua koti la ngozi. "Na hii?"

"Ya muimbaji mumoja... mu televizio."

Akaendelea, nguo baada ya nguo, na kwa kila nguo nikataja mtu. Nyingine zilikuwa bado na karatasi ya dukani. Nikaanza kuisikia sauti yangu mwenyewe, na aibu iliyonipata hapo ilizidi ile ya makaburini.

"Nimesikia ya bote," akasema mwishowe. "Sasa ya weye iko wapi?"

Nikapekua rundo lote hadi chini.

"Tata yako hakuvaa juu ya macho ya batu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakatika. "Alijua yeye ni nani."

Nguo nyingi niliwagawia ndugu zangu waliozihitaji. Nikakaa muda mrefu bila kununua hata soksi, nikijichunguza: ni ipi ninayoirudia bila kuambiwa na mtu? Nikagundua napenda bluu nzito, kola ndogo iliyosimama, pamba isiyochoma wakati wa joto. Nikaenda kwa fundi cherehani, nikamweleza polepole, akanishonea mashati mawili. Hadi leo navaa hivyo. Mama Ngoie alinisamehe kabla hajafa. Lakini msamaha wake haukunirudishia nafasi ya kumbeba baba yangu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu bado nakaa naye.

Nawaona ninyi vijana mkitoka kuchimba. Simu inakuonyesha vazi asubuhi, mchana pikipiki imelifikisha mlangoni. Sikulaumu, kupendeza si dhambi, na aliyeshinda ndani ya vumbi ana haki ya kung'aa Jumapili. Ila kabla ya kununua, mwanangu, jiulize utalivaa kwenda wapi, utalivaa na kipi ulicho nacho, na kama ungelitaka hata asipokuwepo wa kukutazama. Ukikosa jibu, liache hapo lilipo. Anza na nguo ya siku ngumu: ya kilio, ya kumuuguza mgonjwa, ya kazi. Ya sherehe haikosekani. Nunua chache, zitunze, zifanane na wewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako; na uliyoinunua kwa pesa yako kwa ajili ya macho ya mwingine, hiyo nayo ni ya kuazima.

Mungu akulinde uingiapo shimoni na utokapo. Akupe nyumba yenye amani, na heshima ikuvike kuliko kitambaa chochote. Amina.