Koti la Ndama

Mtaani walimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi, wa mabomba, wa rangi, wa saa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema mama yule wa cherehani barazani, anayeshona sare za shule pini zikiwa zimebanwa midomoni, na bado anaongea.

Alipoanza maisha ya ndoa, baba yake alimpa ng'ombe jike. Alikuwa mdogo, mwekundu, pembe fupi, nundu imelalia upande kama kofia ya mlevi, na ngozi ya shingo inaning'inia kama gauni lililokatwa bila vipimo. Wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa nyumba ya pili, alimzunguka yule mnyama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, huyu ni ng'ombe au mbuzi aliyebebeshwa mzigo?"

"Cheka tu," Fundi akajibu. "Ila usije kuniomba maziwa."

"Maziwa yapi? Hayo ya kijiko?"

Ulikuwa utani wa mawifi, lakini wenye mwiba ndani. Wifi alifuga ng'ombe wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, mkubwa kama kabati. Akikamuliwa, ndoo inafurika povu. Wa Fundi alitoa jagi moja, tena kwa masharti: ndama wake asiposimama karibu naye, hashushi hata tone. Mama mkwe, aliyeishi na Fundi na ambaye hakujua kumeza neno, akampa jina la Maringo.

Hata hivyo Fundi alimpenda. Jua la mchana lilipowafukuza mbwa na kuku uvunguni, Maringo alibaki pembeni mwa barabara akitafuna majani makavu kama ufagio. Inzi akitua juu yake, ngozi ilitikisika palepale alipotua, na kichwa hakinyanyuki.

"Namuona kama mwenzangu," Fundi alimwambia mama mkwe. "Hachagui, halalamiki."

"Halalamiki? Basi hamfanani, mwanangu."

Ukaja mwaka ambao mvua zilichelewa. Joto lilikaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Wifi alimmwagia ng'ombe wake maji, akamfungia feni bandani, akawa anamtoa kupe mmoja mmoja. Homa ya kupe ikampata hata hivyo. Daktari wa mifugo alikuja, akachoma sindano, akarudi tena na tena, akafanya yote ya kufanywa. Yule ng'ombe akafa, akaacha ndama jike ambaye miguu yake ilikuwa bado haijakubaliana njia ya kwenda.

Fundi alisikia kilio ng'ambo ya ukuta, akaacha shati kwenye sindano akaenda. Alimkuta wifi yake amekalia ndoo iliyofunikwa, chupa ya maziwa mkononi.

"Hanyonyi, wifi. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemlilia. Anatema tu."

"Mlete kwetu."

"Kwa Maringo? Si atamuua!"

"Mlete."

Maringo alimnusa yule mgeni mara moja, akarusha teke. Ndama aliponea chupuchupu. Wifi akaangukia rundo la majani, miguu juu.

"Anauliza kwanza ni wa ukoo gani!" mama mkwe akapaza sauti kutoka dirishani.

Maneno hayo yakamgonga Fundi. Ng'ombe hutambua mtoto kwa harufu. Akachukua gunia alilokuwa akilalia ndama wa Maringo, halijawahi kufuliwa, likinuka ndama tupu. Akampima yatima shingo, kifua na mgongo, kama anavyompima mteja, akakaa kwenye cherehani.

"Kifua ukilegeze," wifi akasema huku akifuta kamasi. "Mtoto atakua."

Koti lilipokamilika wakamvisha, wakamfunga mikanda tumboni, wakamsogeza polepole ubavuni mwa ndama mwenyeji. Maringo akageuza shingo. Akanusa gunia, akanusa tena, akavuta pumzi ndefu na kuishusha. Kisha akaanza kulamba. Yatima akatafuta, akakosa, akatafuta, akapata; mkia ukaanza kucheza. Wifi akalia wazi kabisa, na safari hii hakufuta kitu.

Ndama wawili walimaliza maziwa yote. Nyumba ikanywa chai ya rangi kwa msimu mzima, mama mkwe akinung'unika kila kikombe na kwenda kumkuna Maringo nyuma ya sikio mara tu baada ya hapo. Fundi alilipunguza lile koti kipande kwa kipande hata halikubaki, na Maringo hakujali tena. Yatima akamzidi mama yake kimo, akawa anapiga magoti ili anyonye.

Siku moja, wakikata majani pamoja, wifi alisema, "Nilikuwa nakucheka kwa ubaya."

"Nilijua. Na mimi ile ndoo yako ilikuwa inaninyima usingizi."

Wakacheka mpaka miundu ikawadondoka.

Yatima alipokomaa alipandishwa na dume lenye nundu, akazaa mtoto mrefu, mkavu wa mwili, asiyeogopa jua. Sasa maziwa yanatosha nyumba zote mbili. Wifi hushinda barazani kwa Fundi, amejifunza kushona vifungo. Anavishona vibaya. Akishaondoka, Fundi huvifumua na kuvirudia, na hajamwambia.