Solo Iliyozimwa Muleba

Kati ya Bukoba na Muleba, watu wengi wenye mvi wamewahi kucheza kwa gita la Ndyamukama. Alianza kupiga solo katika Ziwa Jazz akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijajaa, na bendi ilipokufa akabaki na gita lake mpaka ilipofufuka. Wanamuziki wengine walifariki, wengine wakaokoka na kuuacha muziki wa dunia. Wa tangu mwanzo walibaki watatu: yeye, Bartholomayo wa besi, na Josia, mwimbaji ambaye pia ndiye kiongozi. Siku hizi wanapiga zilipendwa tu, kwenye harusi, jubilei, na baa za mtaa wa Bakoba siku za Jumapili mchana.

Tetemeko la ardhi lililobomoa nyumba nyingi mtaani kwake Hamugembe liliangusha ukuta wa chumba chake, na tofali likamponda kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kidole kilipona, lakini kilikakamaa. Ndyamukama akajifunza upya kupiga kwa vidole vitatu. Zile nota za haraka hazikutoka tena kama zamani, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana alifurahi sana pale mkewe, Alistidia, alipomwambia baada ya onyesho moja la Bakoba, "Baba, leo mkono wako umerudi. Nilikaa nyuma kabisa, nikasikia kila kitu, safi kabisa." Wiki nzima alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kisha ikaja jubilei ya Muleba. Mzee Ildefons na mkewe Gaudiosa walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Baada ya misa watu wakajaa ukumbini, ndizi na nyama zikapita, pombe ya ndizi ya lubisi ikapita. Gaudiosa mwenyewe alikuwa ametuma ujumbe kabla: anataka "Njia ya Nshamba", wimbo uliopigwa siku ya harusi yake, na anataka upigwe na Ndyamukama yuleyule.

Josia akautangaza. Ndyamukama akaanza. Nyuma yake kulikuwa na amplifaya yake ndogo, ile ya kumsaidia kujisikia; sauti ya ukumbi ilitoka kwenye spika kubwa mbili zilizosimama mbele. Wale wazee wawili wakasimama, wakashikana mikono, wakasogea katikati.

Kwenye solo, waya mwembamba wa gita ukakatika. Ndyamukama akauinua mkono wake.

Gita likaendelea.

Amplifaya yake ilikuwa kimya. Lakini kwenye spika kubwa solo ilikuwa inakimbia, kila nota mahali pake, zile za haraka pia. Aligeuka. Kwenye kinanda alikuwa Lukmani, kijana aliyeingia bendini mwaka huo. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya vibao, na kinanda kilikuwa kinatoa sauti ya gita. Walipotazamana, Lukmani aliinamisha kichwa, lakini hakuacha kupiga.

Ndyamukama alishuka jukwaani, akaenda kwa fundi mitambo.

"Gita langu liko wapi hapa?"

Fundi alimtazama Josia kule juu, kisha akamwonyesha kitufe cha sauti ya gita. Kilikuwa chini kabisa.

"Tangu lini?"

"Mzee, mimi nafanya ninavyoambiwa."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu Pasaka."

Pasaka. Na sasa kahawa ilikuwa imeshavunwa. Harusi zote zile, Jumapili zote zile, alikuwa amesimama mbele za watu akitokwa na jasho kwa muziki ambao haukumfikia mtu. Akakumbuka sifa za Alistidia. Hata zile zilikuwa za kinanda.

Alipanda jukwaani na kuchomoa waya wa kinanda. Bendi nzima ikaacha kupiga. Josia akamsogelea akitabasamu kwa ajili ya watu, huku akinong'ona, "Waitu, tafadhali, tusiaibishane. Tutazungumza nje."

"Tutazungumza hapahapa. Umenizima?"

"Vidole vyako vimechoka, ndugu yangu. Watu wanalalamika. Tuliona ni vibaya kukuambia, na bila jina lako kwenye bango hatuitwi popote."

"Kwa hiyo jina langu mnalitaka, mimi hamnitaki."

Aliyejibu ni Gaudiosa, kutoka katikati ya ukumbi, sauti yake nyembamba lakini kali: "Nimemwita Ndyamukama. Apige Ndyamukama!"

Alibadilisha waya uliokatika. Fundi akapandisha kitufe bila kungoja kuambiwa. Wimbo ukaanza upya, na ukweli ni kwamba haukutoka vizuri. Alikosea mwanzoni, akachelewa kwenye kona mbili, na meza moja ya vijana ikacheka. Bartholomayo akaivuta besi taratibu, mpiga ngoma akamfuata, na wimbo ukapata mwendo wa mguu wa mzee. Ildefons na Gaudiosa wakacheza mpaka mwisho. Baadhi ya watu walipiga makofi, baadhi waliendelea kula.

Ulipokwisha, Ndyamukama alifunga gita lake kwenye mfuko na kwenda kupanda gari la Bukoba peke yake.

Nyumbani alimweleza mkewe yote. Alistidia alijishika mdomo. "Na mimi nikakusifia!"

"Wewe ulidanganywa kama mimi."

Siku chache baadaye Josia alifika Hamugembe na mkungu wa ndizi. Alikaa sebuleni, akaeleza tena kwamba walimwonea huruma.

"Huruma?" Ndyamukama alisimama. "Ungekuja hapa ukaniambia, Ndyamukama, solo imekushinda. Ningekutukana. Ningelia. Halafu ningeshika rithimu, nimwachie solo kijana, tena ningemfundisha. Nimekaa na wewe tangu hatujaoa, Josia. Ulishindwa kuniambia sentensi moja?"

"Nisamehe, kaka."

"Sijasamehe. Chukua na ndizi zako."

Josia aliondoka na mkungu wake begani, majirani wakitazama. Alistidia alisema hilo la ndizi lilikuwa limezidi. Mumewe alisema halikuzidi hata kidogo.

Jina lake likatolewa kwenye bango. Alikwenda mwenyewe kuhakikisha. Bartholomayo naye aliondoka Ziwa Jazz. Alikiri kwamba alijua na akanyamaza, na kwa hilo alitukanwa asubuhi nzima kabla ya kukaribishwa chai. Sasa wawili hao wanapiga Kemondo, kwenye baa moja karibu na bandari, Jumamosi mchana. Ndyamukama anapiga rithimu. Solo anapiga Lukmani kwa kinanda, ambaye alikuja kuomba radhi bila kutumwa, na ambaye hukemewa kila wimbo kwamba anakimbilia wapi.

Watu wanamwambia Ndyamukama kwamba hasira si nzuri kwa umri wake, shinikizo la damu litampanda. Huwa anawauliza wangependa awe na umri gani ndipo akasirike.