Pumba Juu ya Maji

Ukipita Ifakara msimu wa mavuno, kwenye mashine za kukoboa mpunga, utanikuta nimesimama kando ya lundo la pumba kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Usinishangae. Harufu ile ya vumbi hunirudisha kwa bibi, kwenye mto wetu unaoshuka kutoka milimani, ambao sauti yake ilitubembeleza utoto wetu wote.

Bibi alivusha na kusafirisha watu kwa mtumbwi. Kabla ya kuingia kwenye maporomoko, hata kama aliyapita jana yake, aliegesha, akapanda mwambani na kumwaga pumba majini. Tulizitazama zikielea taratibu, usingizi ukitunyemelea. Zilipozunguka, palikuwa na jiwe chini. Zilipokwenda moja kwa moja, ndiyo njia yetu.

Masika moja shangazi, binti yake, alikuja kwetu kujifungua uzazi wa kwanza. Uchungu ukamshika, mtoto hatoki, na barabara ya kwenda hospitali imekatika. Bibi alimfunga madumu matupu kwapani ili aelee tukipinduka, akamketisha katikati ya mtumbwi. Jirani yetu mvuvi alishika kafi mbele, bibi nyuma, mimi nikapewa bakuli la kutoa maji.

Pumba zilipita kushoto, nasi tukazifuata. Povu lilitumwagikia, kila kitu kikawa cheupe kama ndotoni. Katikati kabisa ya maporomoko, nani anatokea ukingoni? Baba mkwe wa shangazi! Na shangazi, pamoja na uchungu wake wote, akaanza kunyanyuka ili apige goti amwamkie. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia.

"Kaa chini wewe!" bibi alifoka.

Shangazi alisita, amejiinamia, hajui atii mama yake au adabu. Ndipo mzee akapaza sauti kutoka ukingoni:

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Nendeni!"

Salamu hata haikutolewa, yeye ameshaiitikia. Shangazi akaketi. Bibi akakandamiza kafi, mtumbwi ukanyooka, tukatokea kwenye maji tulivu. Jioni hiyo alizaliwa binti.

Juzi nilimpeleka binti huyo akayaone maporomoko yale. Mashamba ya juu yameyanywa maji, hayafiki magotini. Mawe ambayo bibi aliyajua kwa pumba tu yako wazi juani, yameanikwa nguo. Akavuka kwa miguu, kandambili mkononi, akaniuliza kutoka ng'ambo akicheka:

"Sasa hapa mama aliogopa nini?"

Siku ile nilimlilia bibi kuliko siku tuliyomzika.